Saa ya kompyuta: ubadili betri au uiachie intaneti?

Kompyuta ya mezani ikizimwa ukutani usiku, asubuhi ikawaka na tarehe ya miaka ya nyuma, hapo betri ya CR2032 inayotunza saa kwenye madabodi (bodi kuu ya ndani) imekwisha. Ni ya volti 3. Ipime, ikisoma chini ya 2.7 itupe. Chomoa waya wa umeme, sukuma kibanio, weka mpya, alama ya + ikitazama juu.

Intaneti hurekebisha saa bila bisibisi, lakini umeme wa Chake Chake, Pemba, ukikatika tena, unaanza upya.

Saa ikikosea kwa saa 3 kamili, betri haina hatia: chagua ukanda wa saa wa Nairobi, UTC+3 (saa tatu mbele ya saa ya kimataifa). Na saa mbili asubuhi ni 8:00, si 2:00!