Dawa ya Kunyoosha Nywele ya Boksi kwa Wenye Nywele za Mawimbi: Nimeijaribu

Haya wapenzi, karibuni tena. Leo nina boksi la dawa ya nywele, ile ya kujiwekea mwenyewe nyumbani, na naongea hasa na nyinyi wenye nywele za mawimbi.

Tulifungue. Kuna kopo la krimu, kichupa cha maji ya kuchanganyia, shampuu ya kutolea dawa, glavu na kijiti. Juu wameandika haina kostiki soda, na hapo ndipo wengi tunapodhani ni dawa laini. Si laini. Krimu ina kalsiamu haidroksaidi, kichupa kina guanidini kaboneti, na vikikutana pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au alkali, inapita 12. Nywele zenyewe zimezoea 4.5 hadi 5.5. Kweli inawasha kidogo kuliko ya kostiki, lakini inaacha chembe za kalsiamu zinazokausha nywele.

Sasa sogeeni karibu na kamera. Kabla ya kujipaka nilikata vishungi viwili vidogo kisogoni. Hiki cha kwanza nilikipaka nikawa nakitazama kila baada ya dakika mbili. Dakika ya sita kilikuwa kimeshanyooka! Boksi linasema 15. Cha pili nikakiacha zifike hizo 15, nikakiosha. Tazameni nikikivuta kikiwa kimelowa: kinarefuka, kinarefuka, hakirudi… kimekatika. Dawa inavunja viungo vya ndani vinavyoupa unywele umbo na nguvu, na ikishavivunja havirudi, hata upake mafuta gani. Mawimbi hayahitaji muda wa nywele za kipilipili.

Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu mara yangu ya kwanza sikupima. Nilifuata saa ya boksi, na nywele za kisogoni zikakatika zote. Nilikaa miezi nimefunga kitambaa.

Kwa hiyo chukua boksi la nguvu ndogo, na pima kwanza. Usikune wala kuosha kichwa siku mbili kabla. Paka mafuta ya mgando masikioni, shingoni na pembezoni mwa uso. Ikianza kuchoma, osha hapohapo, usingoje dakika ziishe. Ile shampuu ya mwisho, kama ni ya kubadilika rangi, povu likiwa la waridi ujue dawa bado imo. Rudia mpaka liwe jeupe. Na kama uliwahi kuweka dawa ya thio, ile aina nyingine ya dawa ya kukunja au kunyoosha nywele, hii usiiguse kabisa. Hizo mbili hazipatani, nywele zitakatika.

Kuna jambo jingine siwezi kulinyamazia. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000. Kwa waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka, makadirio ya kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 4.05, kwa wasiotumia, 1.64. Haujathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, ila mimi umenifanya nipunguze.

Dawa yenyewe inanyoosha vizuri, siwadanganyi, nywele zangu mnaziona. Ritachi nitafanya baada ya wiki kumi, kwenye nywele zilizoota tu. Zilizokwisha kunyooka nitazipaka mafuta kwanza, dawa isizifikie tena.