iPhone X ya mtumba au Android mpya ya bei nafuu?

Kwenye maduka ya simu karibu na soko la Majengo, Dodoma, anayebana bajeti hupima hizi mbili. Kamera si hoja yangu. Hoja ni nani anaweza kujipa mamlaka juu ya simu yako.

iPhone X ina kasoro iliyotangazwa 2019, checkm8. Imo kwenye msimbo wa kuwashia simu uliochomwa ndani ya chipu, kwa hiyo hakuna sasisho linaloiziba. Hata hivyo mdukuzi lazima aishike simu na kuichomeka waya, na ikizimwa na kuwashwa upya athari yake huondoka. Toleo kuu la mwisho la mfumo wa simu hiyo ni iOS 16.

Android huipa kila programu utambulisho wake ili zisiingiliane, na tangu Android 6 ya 2015 programu huomba ruhusa ya kamera inapoihitaji. Chini yake kuna kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo. Dirty COW, kasoro ya kerneli hiyo iliyofichuliwa 2016, ilimpandisha mtumiaji wa kawaida hadi kuwa ruti, yaani mwenye mamlaka yote, bila waya wowote. Dawa ni masasisho, na simu nyingi za bei ya chini hukatiwa mapema mno.

Kwa wakala wa pesa za simu nachagua Android, kwa kuwa kasoro kama hiyo huzibika kwa sasisho, mradi mipangilio ionyeshe sasisho la usalama la miezi ya karibuni. Likiwa la zamani, mwachie muuzaji simu yake.