Kazi za ofisi bila laptopu: ununue nini kwanza, skrini au miwani?

Kama hela yako inatosha kitu kimoja tu, nunua simu inayotoa picha kwenye skrini. Miwani ije baadaye. Nasema hivi baada ya mwaka mzima wa kuandika ankara na kujaza majedwali ya Excel bila laptopu, na kwa sababu inaniuma kuona vijana waliojiajiri wakimalizia mtaji wao kwenye miwani ya VR (ile inayofunika macho na kukuonyesha ulimwengu wa kompyuta) waliyoiona kwenye video.

1. Simu, skrini na kibodi

Samsung walileta DeX mwaka 2017 pamoja na Galaxy S8. Ukiichomeka simu kwenye runinga, inafunguka kama kompyuta: madirisha kadhaa kwa pamoja, kipanya kinatembea, faili unaliburuta kutoka huku kwenda kule. Simu za mwanzo zilidai kitako maalumu cha kuchomekea simu, lakini tangu Note 9 ya 2018 adapta ya USB-C (tundu la kuchajia simu) kwenda HDMI (tundu la picha la runinga) inatosha. Galaxy S10 au S20 iliyotumika, kibodi ya bluetooth na runinga iliyopo sebuleni: ofisi imekamilika. Umeme ukikatika, barua unaimalizia kwenye simu.

Wengi huumia kwenye tundu. USB-C zinafanana kwa sura, ila si kila moja inatoa picha. Galaxy A nyingi hazitoi. iPhone 15 na zilizofuata nyingi zinatoa, lakini runinga inaonyesha kilekile kilichoko kwenye simu. Waya nao una mambo yake. Mimi niliuziwa waya mnene, mzuri kwa macho. Nilipofika nyumbani simu ikachaji, runinga ikabaki nyeusi. Ulikuwa wa kuchaji tu. Kwa hiyo usitoe hela kabla muuzaji hajachomeka simu hiyohiyo, kwa waya huohuo, kwenye runinga ya dukani, ukaona picha kwa macho yako. Tena chukua adapta yenye tundu la chaja, maana kazi ya saa tatu itaimaliza betri.

2. Miwani myepesi ya AR

Miwani ya AR inakuwekea skrini mbele ya macho huku bado unaona ulipo. Mfano ni Xreal Air 2: gramu 72, picha ya 1080p (ukali wa Full HD) mbele ya kila jicho, inachomekwa kwenye simu ileile ya DeX. Herufi zinasomeka vizuri. Ninaipendekeza kwa anayesafiri sana, au anayeandaa mishahara ya watu huku amezungukwa na watu. Inakula chaji ya simu, na ukiwa unavaa miwani ya macho itabidi utengenezewe lenzi za kupachika ndani.

3. Meta Quest 3

Hii ndiyo miwani ya VR yenyewe. Ilitoka 2023 kwa dola 499. Mbele ya kila jicho ina nukta za picha (pixel) 2064 kwa 2208, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika, kwa sababu nukta hizo zimetandazwa kwenye eneo lote unaloliona. Ukurasa wako unapata sehemu ndogo tu, kwa hiyo 8 na 6 za fonti ndogo zinakaribiana. Mhasibu hawezi kuishi na hilo. Ina gramu 515, na baada ya saa moja unaiona alama ya mkanda kwenye paji la uso. Betri ni kama saa mbili. Kwa mchoraji wa majengo anayetaka kumtembeza mteja ndani ya nyumba ambayo haijajengwa, ningeipandisha hadi nafasi ya kwanza.

4. Apple Vision Pro

Nayo ni miwani ya kufunika macho, na herufi zake ni safi kuliko za Quest. Ila ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2024 kwa dola 3,499, betri yake inaning'inia pembeni kwa waya, na kwa kazi nzito bado utataka Mac, kompyuta ya Apple.

Yale makasha ya kuvaa usoni, ya kutumbukiza simu ndani, usiyanunue kabisa. Google walishaachana na Daydream, mfumo wao wa makasha hayo, mwaka 2019, na lenzi za makasha haziwezi kukusomesha hata ukurasa mmoja wa mkataba.