Zoom H1n: kinasa sauti kinachofaa kwa masimulizi ya wazee

Familia nyingi za Mombasa huhifadhi sauti za wazee wao katika jumbe za WhatsApp. Si vibaya kuanzia hapo, lakini sauti ya ujumbe hubanwa ili iwe nyepesi kutumwa, na kinachofifia katika kubanwa huko ndicho wajukuu watakachokuja kukitafuta. Msemaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, hutofautisha t inayotamkwa kwenye meno na ile inayotamkwa kwenye ufizi, tofauti ambayo vijana wengi tunaipoteza, nayo huhitaji rekodi safi ili isikike. Kwa ajili hiyo ninatumia Zoom H1n, kinasa sauti kinachoenea kiganjani, kurekodi mazungumzo na bibi yangu huko Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa.

Kifaa hiki kina maikrofoni mbili zilizokingamana kwa pembe ya nyuzi 90, hutumia betri mbili za AAA zinazoweza kudumu takriban saa 10, na huhifadhi sauti katika kadi ya microSD isiyozidi GB 32. Ukichagua WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, ya biti 16 na kHz 44.1, saa moja ya mazungumzo huchukua karibu MB 635, kwa hivyo kadi kubwa kabisa hubeba takriban saa 50. Kinaweza kufika biti 24 na kHz 96, ila kwa mazungumzo ya ukumbini sioni haja.

Mtihani wake mkubwa ni Mji wa Kale wenyewe. Tuktuk hupita chini ya dirisha, adhana husikika kutoka misikiti kadhaa kwa pamoja, na katika joto la kaskazi si haki kumwambia mtu mzima akae bila feni. Kichujio cha sauti nzito hupunguza mngurumo wa feni, ingawa hakiumalizi, na nimeona kwamba kukisogeza kinasa hadi shibiri mbili kutoka kwa msemaji husaidia kuliko mpangilio wowote wa ndani ya kifaa. Adhana ninaiacha iingie, kwa kuwa nayo ni sehemu ya nyumba. Mwili wa kifaa ni wa plastiki, na kila mguso husikika katika rekodi. Kilazwe juu ya leso iliyokunjwa, au kifungwe kwenye stendi kwa skrubu iliyo nyuma yake.

Ubora ninaouthamini zaidi ni kwamba kifaa hiki hakiiti. Mzee anayeeleza jinsi watu walivyovuka daraja la zamani la Nyali, lile lililoelea juu ya maji kabla ya hili la sasa la mwaka 1980, au jinsi vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilivyoshindana kwa nguo na nyimbo, akikatizwa na mlio wa simu huenda asirudi tena pale alipoachia. Pia kuna taa nyekundu inayoonyesha kwamba kinarekodi. Bibi anaijua, na hadithi inapoingia katika siri za nyumba za watu huniambia, "Zima hiyo kwanza, mwanangu," nami huzima palepale mbele ya macho yake. Naamini uwazi huo ndio unaomfanya azungumze kwa utulivu katika mengine yote.

Wakati wa kuandika masimulizi, uwezo wa kupunguza kasi ya kusikiliza hadi nusu bila sauti kuwa nzito umenisaidia sana, hasa katika majina ya nasaba ambayo bibi huyataja mfululizo kama anayesoma uradi.

Kadi na kifuniko cha sponji cha kuzuia upepo hununuliwa kando, na bila sponji hakifai kutumiwa barazani wala ufukweni. Hata hivyo, kwa familia yenye mzee ambaye bado ana kauli na kumbukumbu, ningekinunua hiki kabla ya kubadilisha simu. Baada ya kila kikao, faili zinakiliwe kwenye kompyuta na kwenye diski ya pili inayokaa nyumba nyingine, kwa sababu kadi ya microSD ni ndogo kuliko ukucha na hupotea kwa urahisi.