Wufa Haijapona: Mwaka Mmoja na Albamu za Richard Dawson

Mteja alikuja jioni kuchukua wufa yake, ile spika ya besi, nikaiwasha asikie kazi. Alisimama, akainamisha kichwa, kisha akaniambia kwa upole, "Madam, hii bado haijapona."

Wufa ilikuwa imepona kabisa. Kilichokuwa kikikwaruza ni gita la Richard Dawson, mwanamuziki wa Uingereza, na ile sauti iliyopasuka juu kama koni iliyotoboka ilikuwa koo lake mwenyewe. Nikaweka rumba, mteja akatabasamu, akalipa. Tangu siku hiyo sijaribu vifaa vya watu kwa muziki wa Dawson. Spika zangu, hizo ndizo zinazobeba mzigo.

Kibanda changu kiko Kibuye, Kisumu, ndani ndani, ukipita wauza mitumba. Natengeneza redio, spika na amplifaya, kazi niliyoachiwa na baba pamoja na gita lake lenye shingo iliyovunjika na kuungwa kwa gundi ya seremala. Kwetu ni Bunyore, na Bunyore gita si mchezo. Baba alipiga omutibo: kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinachezea wimbo juu, na kando mtu anakwaruza chupa ya Fanta, zile za kioo zenye mistari. Ndiyo staili ya George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka wa 1963, na ndiyo niliyolala nikiisikia nikiwa mtoto.

Kwa hiyo shemeji yangu anayetunza wazee kule kaskazini mwa Uingereza aliponiandikia kwamba kuna mwanamuziki wa Newcastle, Richard Dawson, anayemtaja Henry Makobi, mpiga gita wetu wa Kenya, miongoni mwa waliomwathiri, nilidhani ananitania. Makobi! Yule wa "Someni Vijana"? Huyo huyo. Anatajwa sambamba na waimbaji wa Pakistani wa kawali, zile nyimbo za ibada za Masufi. Nikanunua bando siku hiyo hiyo, nikamtafuta Makobi ndani ya Dawson.

Sikumpata. Nilisikiliza "Nothing Important" ya mwaka wa 2014 nikitegemea vidole laini, nikakutana na mtu anayelipiga gita kama anayeng'oa misumari. Gita lenyewe ni la bei nafuu, limewahi kuvunjika na kutengenezwa, halafu analipitisha kwenye amplifaya hadi lipasuke. Nilimwita baba mdogo, ambaye aliwahi kumkwaruzia baba chupa, nikampa kiti. Alivumilia dakika tatu. "Makobi alikuwa na adabu na gita," akasema. "Huyu wanagombana." Akadai chai.

Naandika haya kwa sababu nimekaa na Dawson mwaka mzima, na bado nikimweka kibandani watu wanagawanyika. Mama anayeuza omena mkabala nami huniuliza kama kuna mtu anachinjwa. Dereva mmoja wa boda boda, kinyume chake, huzima pikipiki asikilize mpaka wimbo uishe, ingawa Kiingereza cha Newcastle hakielewi hata kidogo. Wala mimi sikukielewa mwanzoni. Ilibidi nisome maneno huku nikisikiliza, na hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Maana Dawson kwanza ni msimuliaji. Albamu ile ya 2014 ina nyimbo mbili ndefu, kila moja robo saa na zaidi, na vipande viwili vifupi vya gita tupu. Katika "The Vile Stuff" watoto wako kwenye safari ya shule, wamepenyeza pombe, mambo yanaharibika. Halafu ghafla yumo mtu anayejaribu kupasua nazi kwa bisibisi, na bisibisi inapita mkononi. Nilisimamisha muziki nikatazama kiganja changu cha kushoto. Nina alama hiyo hiyo. Yangu haikuwa nazi, ilikuwa kava ya redio iliyogoma kufunguka, lakini bisibisi ni ya nyota vilevile. Sijawahi kusikia mtu akiimba juu ya jambo dogo hivyo, tena kwa sauti ya mtu anayetangaza vita.

Hapo ndipo wengi wanapomkimbia, na siwalaumu. Sauti yake hushuka chini kama ya mlevi wa matangani, kisha bila taarifa hupanda hadi wembamba wa kike, na huko juu hutetemeka na mara nyingine hukosa noti. Mwimbaji wa kwaya atasema hajui kuimba. Mimi naamini anajua vizuri sana na ameamua kuacha nyufa zionekane. Fundi hutofautisha spika iliyopasuka na spika inayosukumwa hadi ukingoni. Ile ya kwanza hukwaruza hata ukipunguza sauti. Dawson akiimba polepole, koo lake ni safi.

Ukitaka kuanza, anza na "2020". Jina linahadaa, ilitoka mwaka wa 2019, kabla hatujajua mwaka wenyewe ungetuletea nini. Ni Uingereza ya leo, watu wa kawaida na mishahara yao. Wa kwanza ni mtumishi wa serikali, "Civil Servant", ambaye asubuhi hataki kutoka kitandani kwenda ofisini anakoshughulikia maombi ya misaada ya watu maskini. Kijana anayenisaidia kibandani ana digrii. Ameshika chuma cha kulehemu mwaka wa pili sasa, akingoja barua ya kazi. Alichukia muziki ule, lakini aliona nasoma maneno akataka nimweleze. Nikamweleza. Akacheka hadi akaweka chuma chini. "Madam, anipe mimi hiyo kazi. Mimi ningeamka."

Siku hiyo ndipo nilipompata Makobi, na hakuwa kwenye vidole. "Someni Vijana" kila mtoto wa Kenya wa rika langu aliimbiwa: soma, tia bidii, mwisho wake kazi nzuri inakungoja. Dawson anaimba habari za waliofika mwisho huo. Wamesoma, wamepata kazi, wako ndani yake, na sasa wanatuambia kulivyo. Kijana wangu naye amekwama kati ya nyimbo hizo mbili. Sidai kwamba Dawson alikusudia kumjibu Makobi, sina hakika hata kama anaelewa Kiswahili. Ila ukizisikiliza zikifuatana, kama nilivyofanya jioni moja stima ilipopotea na redio ikabaki kwenye betri, utadhani ni wazee wawili wanaoongea, mmoja baada ya mwingine.

Nyingine za humo ni za kiwango hicho. "Fulfilment Centre" ni dakika kumi ndani ya bohari la kufungasha bidhaa zinazoagizwa mtandaoni, vitu visivyo na maana vikitajwa mfululizo kama risiti isiyokatika. "Jogging" ni mtu aliyepoteza kazi, wasiwasi unamkaba, anaanza kukimbia mitaani ili apone. Katikati yake familia ya Kikurdi inayoishi chini inatupiwa tofali dirishani. Mdundo wake unachezeka, na ni wimbo wake pekee ambao mama wa omena aliwahi kuutikisia bega (akikataa baadaye kwamba alifanya hivyo). "Two Halves" ni mtoto uwanjani na baba yake anayefoka kando ya mstari. Wazazi wa mechi za shule za hapa Kisumu wangejitambua, wakanyamaza wiki nzima. Ya mafuriko kwenye baa niliipenda pia, nina jamaa Budalang'i wanaojua maana ya mto Nzoia kuingia sebuleni.

Lakini albamu iliyo bora kuliko zote ni "Peasant" ya 2017, na sibishani na mtu. Ameirudisha hadi ufalme wa Bryneich, kaskazini mwa Uingereza, enzi za giza baada ya Warumi kuondoka. Kila wimbo ni mtu au kiumbe mmoja: mfumaji, askari, ombaomba, kahaba, zimwi. Hakuna mfalme hata mmoja anayepewa kipaza sauti. Ombaomba ana mbwa, na yanayompata mbwa huyo sitayasema, nilifunga kibanda mapema. Magita yanagongana, kuna makofi, kuna kundi la watu wanaopaza sauti pamoja kwenye kiitikio kama waombolezaji wanaoingia bomani, na "Ogre" ikifika pale mwishoni wote wanapoimba kwa nguvu, nywele za mkono husimama. Ukisikia wimbo huo mara mbili na bado huoni kitu, basi rudisha pesa mfukoni, Dawson si wako.

Sasa kasoro, maana shabiki asiyeona kasoro ni mpiga debe. "The Ruby Cord" ya 2022 inaanza na wimbo wa dakika 41. Arobaini na moja! Kwanza gita na ngoma vinazurura muda mrefu kabla hajafungua kinywa. Mtandao ukikatika katikati, kama ulivyonikatikia mara mbili, unarudi mwanzo na hasira zako. Najua wapo wanaosema hiyo ndiyo kazi yake kuu. Mimi niliona mtu aliyepewa studio akasahau kwamba kuna wasikilizaji wenye mboga jikoni. Nusu yake ya mwisho ni nzuri sana, sauti zikijikusanya kama kanisani, lakini ungeweza kutengeneza redio mbili kabla hujafika hapo. "Henki", aliyofanya 2021 na bendi ya Circle ya Ufini, ni ya mimea na roki nzito. Niliisikiliza, ikapita.

"The Glass Trunk" ya 2013 ni habari nyingine. Alifukua kumbukumbu za kale za eneo lake, akatoa visa vya vifo, mauaji na ukatili, akaviimba bila ala yoyote, koo tupu. Kati ya nyimbo hizo anaingia Rhodri Davies na kinubi chake, kikisuguana na gita la Dawson kama mabati mawili kwenye upepo. Kisa kimoja kinamhusu mzee mshona mablanketi aliyeuawa nyumbani kwake mwaka wa 1826. Usiisikilize usiku. Wala usiiweke dukani ukitaka kuuza chochote. Lakini ukitaka kujua kama mtu huyu anajificha nyuma ya kelele za gita, kwenye visa hivi gita limeondolewa, na bado amesimama.

Ya karibuni niliyo nayo ni "End of the Middle", ya Februari 2025. Kelele zimepungua kabisa. Gita, ngoma kavu, klarineti inayoingia mara moja moja kama jirani asiyebisha hodi. Ni familia moja na mambo yake: harusi, uonevu shuleni, bibi anayeota kwenda Venice, mtu na bustani yake ya mboga. Humo kuna "Bolt", radi ikiipiga nyumba ya familia.

Niliiweka Jumapili moja baba mdogo alipopita kunisalimu kabla ya kupanda matatu ya Luanda. Sikumwambia ni nani. Kwetu radi si hadithi, jiko la marehemu bibi lilipigwa na tulichimba mashimo matatu kuuzika ule mlango ulioungua, kila mzee na amri yake. Nikamfasiria mstari kwa mstari. Alinyamaza, macho kwenye spika.

Kisha akachukua chupa ya soda chini ya meza, akachomoa msumari kwenye kopo langu, akaanza kukwaruza taratibu akitafuta mahali pa kuingilia. Akakosa. Akaomba nirudishe. Akakosa tena, mdundo ulimponyoka kila alipoukaribia. Mara ya tatu akaiweka chupa mezani.

"Huyu hataki kusindikizwa," akasema.

Nikanyoosha mkono nizime.

"Wacha," akasema. "Matatu ziko nyingi."