Tathmini ya DDA ya Ann Arbor: maegesho yanayogharamia katikati ya mji

Mji wenye chuo kikuu kikubwa tumboni mwake huanza na tatizo la kodi. Mjini Ann Arbor, jimbo la Michigan nchini Marekani, ardhi ya Chuo Kikuu cha Michigan hailipi kodi ya majengo, na kila jengo la biashara ambalo chuo kinanunua hufutika kwenye daftari la walipa kodi. Wanafunzi nao wakishafunga chuo Mei, mauzo hushuka hadi mwishoni mwa Agosti, ukiacha siku za Julai ambazo maonyesho ya sanaa hujaza mitaa. Ann Arbor ililijibu tatizo hili mwaka 1982 kwa kuunda DDA, yaani Mamlaka ya Kuendeleza Katikati ya Mji, chini ya sheria ya jimbo ya mwaka 1975. Diwani au mweka hazina anayetaka mfano wa kuchunguza kwa undani aanze na huu, kwa sababu ubora wake na makosa yake vyote vinaonekana wazi.

DDA ina mifuko miwili. Wa kwanza unatokana na ongezeko la thamani ya majengo. Chukua kiwanja chenye thamani ya kutozwa kodi ya dola 500,000. Mwekezaji anajenga ghorofa, thamani inafika dola 8,500,000. Kodi ya zile 500,000 inaendelea kugawiwa kama zamani. Kodi ya dola 8,000,000 zilizoongezeka inaingia DDA: ikiwa viwango vya kodi ambavyo DDA inaruhusiwa kuchukua vinafika dola 20 kwa kila 1,000, hiyo ni dola 160,000 kwa mwaka kutoka jengo moja. Kodi ya uendeshaji wa shule haiguswi. Wanaokosa sehemu yao ni kaunti, maktaba, chuo cha jamii, mamlaka ya mabasi na jiji lenyewe.

Hapo ndipo penye ugomvi, na ugomvi huo una haki. Mji ukikua kwa kasi, maktaba huona maghorofa yakipanda huku hesabu yake ikibaki palepale. Ann Arbor ilijiwekea breki mbili. Kwanza, DDA ilichukua ongezeko lililotokana na jengo jipya tu. Bei za majengo zilipopanda zenyewe baadaye, kodi yake ilirudi kwa taasisi hizo. Pili, mwaka 2013 halmashauri ya jiji iliweka ukomo wa mapato hayo, na kilichozidi kiligawiwa taasisi hizo. Mji unaoiga mpango huu bila ukomo unajitafutia kesi.

Mfuko wa pili ni maegesho ya umma, na ndio wenye pesa nyingi zaidi. Maghorofa ya maegesho na mita za barabarani ni mali ya jiji, DDA inaviendesha kwa mkataba na kulipa jiji asilimia ya mapato ghafi. Neno la kuangalia ni hilo: ghafi. Jiji hupata chake kabla zege halijakarabatiwa, na katika eneo la Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huingia na matairi ya magari, ikala chuma kilichomo ndani ya sakafu za maegesho. Bajeti ya ukarabati isipotengwa kila mwaka, bili itakuja yote kwa mpigo. Mwaka 2020 wanafunzi na wafanyakazi wa ofisini walipobaki nyumbani, mapato ya maegesho yaliporomoka, lakini marejesho ya mikopo hayakusubiri.

Tunachokisifu zaidi ni kadi ya basi. Mwajiri wa katikati ya mji huchangia kiasi kidogo, DDA hubeba sehemu kubwa, mfanyakazi anapanda basi bure. Mpishi anayefika kwa basi huacha nafasi ya gari ambayo mchana itatumiwa na wateja kadhaa, na kulipia kadi ni nafuu mno kuliko kujenga nafasi moja zaidi ghorofani.

Tunachokikosoa ni maegesho ya chini ya ardhi kando ya maktaba kuu, yaliyofunguliwa 2012 yakiwa na nafasi takriban 700, kwa hati fungani za karibu dola milioni 50. Msingi ulijengwa imara ili ubebe jengo refu juu yake. Jengo halikuja. Mwaka 2018 wapiga kura waliamua eneo la juu libaki la umma, na miaka kumi baada ya uzinduzi palikuwa bado pa kuegesha magari. Fedha za msingi mzito zilitumika kabla ya kuwa na mkataba uliosainiwa na mjenzi wa juu, na kabla ya wananchi kukubaliana nini kijengwe.

DDA haifanyi kila kitu. Usafi na uondoaji wa theluji kwenye Main Street, mtaa wa maduka wa katikati ya mji, ni kazi ya umoja wa wenye majengo wanaojitoza ada maalumu. Sababu inaonekana kwenye kona: kila mwenye duka akisafisha mbele ya mlango wake, tuta la theluji linabaki pale pale watu wanapovukia. Mkandarasi mmoja akishika mtaa mzima, tuta hilo huondoka.

Kwa mji usio na maghorofa mapya ya kuleta ongezeko, mfano wa Iowa City, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Iowa, unafaa zaidi. Tangu 2012 eneo la biashara hutozwa kodi ya nyongeza, na haimnyang'anyi mtu mwingine mgao wake. Sheria ya Iowa inadai ombi lisainiwe na angalau asilimia 25 ya wamiliki wa majengo ya eneo hilo, wenye angalau asilimia 25 ya thamani ya mali. Wakipinga asilimia 40, mpango unakufa. Kwa hiyo anza kwa kuwafuata wamiliki wakubwa, kisha nenda kwa wadogo kutafuta idadi ya saini. Wapangaji wa maduka hawasaini, ila ada huwafikia kupitia kodi ya pango. Waombee viti kwenye bodi kabla ombi halijapelekwa halmashauri.