DVD ya "My Fair Lady": lipia nyongeza, filamu uichukue kama bonasi

Naanza na hukumu ili mwenye haraka aende zake: DVD hii inunuliwe kwa ajili ya nyimbo mbili zilizowekwa kwenye menyu ya nyongeza. Filamu yenyewe ni ya mwaka 1964, ndefu ya dakika 170, ina magauni na kofia za kutamanisha, na utaicheka sana. Lakini aliyeigiza Eliza, Audrey Hepburn, karibu humsikii akiimba humo. Mdomo ni wake, koo ni la mwimbaji Marni Nixon. Kwenye nyongeza ndiko wamemrudisha mwenyewe, akiimba "Wouldn't It Be Loverly" na "Show Me" kwa sauti aliyoirekodi kabla hawajaibadilisha.

Sisi tunaoenda kwenye matamasha tunaijua pleibeki. Msanii anarukaruka, spika zinaimba, na kesho yake anasema alipiga shoo ya laivu. Hii ya Hepburn ni pleibeki ya aina nyingine kabisa, maana yeye alitaka kuimba. Alichukua masomo ya sauti, akaingia studio, akarekodi nyimbo akitumaini zitabaki. Waliokuwa na kauli ya mwisho wakaona hazitoshi.

Kisa chenyewe ni cha muuza maua wa mitaani London ambaye profesa mmoja wa matamshi anaweka dau kwamba atamgeuza azungumze kama mwanamke wa tabaka la juu. Mtu wa Dodoma aliyewahi kwenda Dar na Kiswahili chake chenye Kigogo ndani, wakamcheka kwenye daladala, ataelewa bila maelezo. Jukwaani Broadway, kwenye kumbi za maigizo za New York, mwaka 1956, Eliza alikuwa Julie Andrews, mwimbaji hasa. Ilipokuja filamu, Jack Warner, bosi wa studio, alitaka jina ambalo watu wa sinema wanalijua, akamchukua Hepburn kwa dola milioni moja. Tangu hapo yule dada akawa anapimwa kwa sauti ya mwenzake ambaye hakuitwa.

Na si kwamba hakuwa amewahi kuimba. Mwaka 1957 aliimba kwa sauti yake kwenye "Funny Face", akiwa na Fred Astaire. Mwaka 1961, kwenye filamu ya "Breakfast at Tiffany's", alikaa dirishani na gitaa akaimba "Moon River", wimbo ambao Henry Mancini aliutunga ukae ndani ya uwezo wa sauti yake, usipande sana wala kushuka sana. Ulipata Oscar. Lakini ukinunua albamu ya muziki wa filamu ile iliyotoka wakati ule, sauti ya Hepburn haimo! Iliingizwa kwenye albamu baada ya yeye kufariki mwaka 1993. Mimi nafundisha kwaya Ipagala, Dodoma, na nimeona waimbaji wa namna hii: sauti ndogo, ya kweli, isiyofika mbali, ambayo mwalimu mvivu huificha nyuma ya wenye mapafu.

Sasa nyimbo zenyewe. Kwanza zima besi ya sabufa, vinginevyo utasikia mtetemo tu. "Wouldn't It Be Loverly" ya Hepburn ina mkwaruzo kidogo, pumzi inasikika, na mwisho wa mstari anaachia maneno badala ya kuyashikilia. Ni sauti ya msichana mwenye baridi anayetamani chumba na kiti. Nilipousikia wa Nixon baada ya huo nikaona tatizo liko wapi: Nixon anaimba vizuri mno. Muuza maua bado hajafundishwa hata kutamka, tayari koo lake limeshasoma! "Show Me" simtetei sana. Juu kule anabana, noti zinakuwa nyembamba, na ningekuwa mimi ningeushusha ufunguo kidogo. Ila hasira anayo, na wimbo ule unataka hasira kuliko uzuri.

Ndani ya filamu zipo sehemu walizomwachia, na ukizisubiri utazipata. Sikiliza "Just You Wait". Anaanza Hepburn kwa kununa na kutishia, wimbo ukipanda Nixon anaupokea, kisha unarudi chini kwa mwenyewe. Niliwawekea wanakwaya bila kuwaambia kitu. Binti mmoja wa sauti ya kwanza akainua kichwa: "Mwalimu, mbona huyu sasa siye yule?" Mshono unasikika, hata kwa mtu asiyejua Kiingereza.

Jambo linalonikera zaidi ni Rex Harrison, aliyeigiza profesa. Naye si mwimbaji, nyimbo zake anazisema kwa mdundo tu. Yeye akakubaliwa. Wakamfichia kipaza sauti kwenye tai arekodiwe laivu palepale kwenye seti, na akaondoka na Oscar ya mwigizaji bora. Filamu ilipata Oscar nane. Hepburn hakuteuliwa hata kushindania, na usiku uleule Julie Andrews akachukua ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu nyingine, "Mary Poppins".

Nixon nisimwonee. Kazi hiyo ya kuwaimbia waigizaji alishaifanya kwa Deborah Kerr mwaka 1956 na kwa Natalie Wood mwaka 1961, na kwenye majina yanayopita katika filamu hii lake halipo. Anayetaka kumwona sura amtafute kati ya masista wa filamu ya "The Sound of Music".

Upande wa mali yenyewe: picha ni safi, ilifanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 1994, na rangi za mandhari ya mbio za farasi zinaonekana hata kwenye televisheni yangu ndogo. Maandishi ya chini ya Kiswahili hayapo, na waliozoea muvi za kutafsiriwa watachoka mapema, kwa sababu utani mwingi uko kwenye matamshi. Katikati inazembea. Yangu niliipata kwa wauza vitu vilivyotumika karibu na Sabasaba kwa elfu tano. Kabla hujatoa hela geuza jalada usome kama nyimbo za Hepburn zimetajwa kwenye nyongeza, na ukifika nyumbani anza na hizo kabla ya filamu. Wanakwaya wanaotaka kuazima waje, ila jalada lirudi na diski ndani.